Mama Mkunga na Mini ya Seneffe

Kadutu, mtaa wa vilima na matope wa mji wa Bukavu, wanawake wajawazito waliijua sauti ya gari moja. Lilikuwa gari dogo jeupe, aina ya Mini, na aliyeliendesha alikuwa mama yangu. Mama alikuwa mkunga. Daktari mmoja wa kigeni alipomaliza mkataba wake na kurudi kwao, alimwachia gari hilo, kwa sababu, alisema, hakumwona mtu mwingine katika kituo kile cha uzazi aliyekuwa na haraka ya kweli.

Wanaume wa mtaani walicheka. Walikuwa wamezoea malori na magari marefu ya wakubwa. Mmoja aliyekaa mlango wa pili na kwetu alimwuliza kila asubuhi, "Mama, ile ni motokari ao ni kiatu?"

"Ni kiatu," mama alijibu huku akiwasha. "Lakini inafikisha."

Na kweli ilifikisha. Mvua iliponyesha na magari makubwa yakakwama mguuni mwa kilima, mlio ule mwembamba uliendelea kupanda, kona kwa kona, na watu walisogea pembeni kwa sababu walijua ndani yake yupo mwanamke anayepumua kwa shida. Mke wa yule jirani naye alisafiri kwenye kiatu hicho, na tangu siku ile jirani akawa anakiosha Jumamosi bila kuombwa.

Vita vilipofika mjini tuliondoka kwa miguu. Barabara hazikuwa za magari tena. Mama alifunga vioo, akalipiga boneti kwa kiganja mara moja kama mtu anayeaga ng'ombe wake, akatushika mikono. Nilikuwa na umri wa kuelewa kwamba hatutarudi kesho, ila sikuelewa kwamba hatutarudi kabisa.

Brussels, tulikopata hifadhi mwishowe, mama hakuendesha. Leseni yake ilikuwa imebaki na makaratasi mengine, na cheti chake cha ukunga hakikumpa kazi ya ukunga. Miaka mingi alisafisha ofisi kule Schuman, kwenye majengo ya vioo ambako watu wa nchi nyingi hukutana kujadili mambo ya nchi nyingi. Alitoka kwetu, mtaa wa Ixelles, kabla ya mapambazuko na kurudi wenye ofisi wakianza kuingia. Sikumsikia akilalamika. Lakini pia sikumsikia akitaja lile gari, na sisi watoto tulijifunza kutolitaja. Alipostaafu alikaa dirishani, akitazama barabara ya Chaussée d'Ixelles inavyojaa mabasi na watu wenye mifuko ya madukani, akasema tu, "Hawa ba-chauffeur banafunga breki mubaya."

Mimi niliingia kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Ndiyo kazi iliyonifikisha Auderghem, upande ule wa mji unaokaribia msitu, kwa mzee mmoja Mbelgiji aliyekuwa amepita miaka themanini. Hakuwa na mtoto, mkewe alikuwa amefariki, na miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Nilikwenda kwake asubuhi kumsaidia kuoga na kuvaa, nikamtengenezea kahawa na kupanga dawa zake. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akisema "asante" ujue siku hiyo ameamka vizuri.

Siku moja ya jua aliniomba nimtolee kiti cha kukunja kutoka gereji, apate kukaa bustanini. Nilipoinua mlango wa gereji niliona turubai limefunika kitu, na chini ya turubai kulikuwa na gurudumu. Gurudumu lenyewe ndilo lililonisimamisha. Lilikuwa dogo mno, kama la toroli, na lilikaa pembeni kabisa mwa gari, mahali ambapo gari jingine lingekuwa bado na bati la kuendelea. Nilijua kabla ya kuinua turubai. Chini yake palikuwa na Mini ya kijani kibichi, imepauka, ina vumbi, tairi zimelala.

Nilirudi bila kiti.

"Mama yangu aliendesha gari kama lile," nilimwambia. "Kongo. Bukavu."

Mzee akaniambia nikae, jambo ambalo hakuwa amewahi kuniambia, akaanza kuzungumza, na asubuhi ile alizungumza kuliko miezi yote niliyomjua.

Aliniambia kwamba gari lile ni la Waingereza, lakini hilo hasa la kwake limezaliwa hapa hapa Ubelgiji, Seneffe, kusini mwa Brussels, ambako palikuwa na kiwanda cha kuyaunganisha miaka ya sitini na sabini, hadi kilipofungwa mwanzoni mwa themanini. Yeye alifanya kazi pale tangu ujana. Mahali pake palikuwa pale ambapo bodi hushuka kutoka juu, na injini inaisubiri chini pamoja na magurudumu yake ya mbele, viwili vikutane.

"Tuliita harusi," alisema. "Mimi nilifunga ndoa nyingi kuliko padri yeyote wa hapa."

Nilimwuliza kwa nini waliliumba dogo namna ile. Akanyanyua vidole kama mwalimu. Mwaka 1956 ulizuka mgogoro wa Mfereji wa Suez, alisema, na petroli ikawa adimu Uingereza. Watu wakataka gari linalokunywa kidogo. Mkuu wa kiwanda akampa mhandisi wake kazi: tengeneza gari dogo la kweli, si pikipiki yenye paa, liingie watu wazima wanne na mizigo yao. Mhandisi akalichukua kama fumbo. Urefu wa gari zima usizidi mita tatu na kidogo, na sehemu kubwa ya urefu huo iwe ya watu, si ya mashine. Basi injini akaigeuza, akailaza kwa upana badala ya urefu. Giaboksi akaiweka chini ya injini, vinywe oili moja. Nguvu akaipeleka magurudumu ya mbele, ili pasiwe na mtaimbo mrefu unaopita chini ya miguu ya abiria. Springi za chuma akaziondoa, akaweka koni za mpira. Magurudumu yakawa ya inchi kumi, nayo akayasukuma kwenye pembe nne kabisa. Mwaka 1959 gari likatoka.

"Injini ya kwanza ilikuwa na sentimita za ujazo 848," alisema. "Nguvu za farasi thelathini na nne. Watu walicheka."

"Hata kwetu walicheka," nilisema.

"Wote walicheka. Halafu likashinda mbio za Monte Carlo, juu ya barafu, mbele ya magari yenye injini mara tatu yake." Alipiga mkono wa kiti. "Waliendelea kulitengeneza hadi mwaka 2000. Zaidi ya milioni tano. Leo magari madogo mengi unayoyaona barabarani injini yake imelala kwa upana, inavuta kwa mbele. Wote wamefuata njia ile."

La kwake lilikuwa la miaka ya sabini, aina ya Mini 1000, injini ya 998. Alikuwa amelinunua pale kiwandani, na mkewe ndiye aliyelipenda zaidi. Alipofariki mke, mzee akalifunika.

Jioni ile nilimweleza mama. Alikuwa akichambua mchele, na mkono wake uliendelea kuchambua mpaka niliposema "gurudumu dogo". Hapo ukasimama.

"Inawaka?" aliuliza.

"Hapana, mama. Imelala muda mrefu."

"Bon. Kulala si kufa. Utanipeleka."

Nilimwomba mzee ruhusa, na msimamizi wangu kazini pia, akasema siku yangu ya mapumziko ni yangu. Jumapili baada ya misa nikampeleka mama. Alivaa kitenge chake cha sikukuu na viatu bapa. Nilipomwuliza kuhusu viatu aliniambia, "Klachi haitaki visigino."

Mzee alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kukunja mlangoni mwa gereji, blanketi magotini, amenyoa. Mama alimpa mkono kwa mikono miwili, akasema kwa Kifaransa, "Bonjour, papa," na mzee, ambaye sidhani aliwahi kuitwa papa na mtu, alibaki ameushika mkono ule. Kisha mama akalizunguka gari. Hakuligusa mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili alipitisha kidole kwenye ule mshono wa bati unaoonekana kwa nje kwenye kona za bodi.

"Iko ile ile," aliniambia kwa Kiswahili chetu. "Hata nguo yake imeshonwa inje-inje, vile vile."

Nilimtafsiria mzee. Akacheka. Alieleza kwamba mshono ule uliwekwa nje makusudi, ili uchomeleaji uwe rahisi na nafasi ya ndani isipotee.

Mama aliingiza vidole chini ya boneti, akaipata kufuli bila kuitafuta, akaifungua. Alisimama akiitazama injini ile iliyojibana kama mtoto tumboni. Kisha akaonyesha mahali fulani kwa mbele, nyuma tu ya zile fito za kuingizia upepo.

"Delko," alisema. Ndicho kikombe kinachogawa cheche za moto kwenye plagi, na katika Mini kimekaa mbele kabisa, mahali mvua inapopiga. "Papa, hii nyinyi mulitufanyia nini? Mvua ikinyesha, maji inaingia hapa, gari inazimika. Mi niko na mwanamuke wa kuzaa ndani, gari inazimika!"

Mzee alijikaza kitini. "Na ulifanya nini, Madame?"

"Gant," alisema mama, akainua mkono, akatanua vidole vitano. "Glavu ya kuzalisha. Nilikata ncha za vidole, waya zikapita kwenye vidole, mpira ukafunika delko. Sikuzimika tena."

Mzee alifunika uso kwa viganja, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

"Sisi tulitumia glavu ya kuoshea vyombo!" alisema. "Mke wangu alikuwa akiitafuta jikoni, 'Glavu yangu iko wapi?' Iko kwenye gari!"

Nilikuwa nikiwatafsiria pale palipohitajika, lakini kwa habari ile hawakunihitaji tena. Walikuwa wanaonyeshana vidole.

Walipotulia mzee aliuliza swali ambalo naamini alikuwa nalo tangu asubuhi niliyomtajia Bukavu. Alisema pale kiwandani waliona magari yakitoka mlangoni, na baada ya hapo basi. Hakuna aliyejua yanakwenda wapi. Walisikia Italia, walisikia Ufaransa. "Lile la kwako," aliuliza, "lilifanya kazi gani hasa?"

Mama alikaa kwenye ukingo wa mlango wa gari, akamweleza. Alimweleza kilima cha Kadutu na udongo wake unaogeuka sabuni. Alimweleza jinsi gari lile lilivyovuta kwa mbele, likapanda mahali ambapo magari mengine yanayosukumwa kutoka nyuma yaliserereka yakageuka. Alimweleza jinsi alivyong'oa kiti cha mbele cha abiria ili mgonjwa anyooshe miguu, na kiti chenyewe kikawa kiti cha sebuleni kwetu. Alimweleza mama mmoja wa mapacha ambaye hakungoja kufika, wa kwanza akazaliwa kwenye kona, wa pili mlangoni pa kituo, na baba yao akawa anatembea mbele ya gari na kurunzi akipiga kelele watu wapishe.

"Sikuhesabu," alisema. "Lakini Bukavu kuko watu wakubwa, wako na watoto yao, walikuja duniani ndani ya hii kiatu."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwenye blanketi, akaivaa, akaivua tena. Hatimaye aliniambia mimi, kama vile haya zilimzuia kumwambia mama: "Mwambie kwamba nilidhani nilikuwa natengeneza magari ya watu kwenda dukani."

Nilipotaka kutafsiri mama alinizuia. Alikuwa ameelewa. Alinyoosha mgongo, akaketi kama alivyokuwa akiketi zamani nyuma ya usukani, na niligundua kwamba kwa miaka yote ya Brussels nilikuwa nimemwona mama yangu akiwa ameinama.

Mzee alitaka kumpa gari pale pale. Nilimweleza kwamba kazi yangu hainiruhusu kupokea zawadi kwa ninaowahudumia, si mimi wala ndugu zangu. Akakasirika, akasema hanipi mimi. Mama ndiye aliyekata shauri.

"Papa, gari ibaki yako. Dereva nitakuwa mimi."

"Dereva," mzee alisema. "Sijawahi kuwa na dereva."

Ndivyo tulivyokubaliana, na mambo mawili yakaanza kwa pamoja: kulifufua gari, na kumpatia mama leseni.

Gari lilikwenda Anderlecht, karibu na soko la machinjioni, mahali ambapo magari ya mtumba hukusanywa yapelekwe Afrika. Mrundi mmoja wa Bujumbura ana gereji pale, mtu mzima mwenye ndevu zilizochanganyika mvi, anayesimamisha kazi saa ya sala na kuirudia taratibu. Alipoliona likishushwa kwenye lori alitikisa kichwa.

"Maman, watu wote hapa wananiletea gari ziende Afrika. Weye unaniletea ya kubaki Brussels?"

"Hii ilishaenda Afrika," mama alimjibu. "Dada yake."

Fundi alilipenda, ingawa alilalamika kila tulipomtembelea. Silinda za breki zilikuwa zimeganda. Tangi la petroli lilikuwa na kutu ndani, kabureta imejaa ute. Mipira yote ilikuwa imepasuka kama visigino vya kiangazi. Vizingiti vya chini ya milango vilikuwa vimeliwa na kutu kiasi cha kupitisha ngumi, akavikata na kuchomelea bati jipya. Vipuri havikuwa tatizo. Gari lile lina wapenzi wengi hata mpira wa mlango bado unatengenezwa na kuagizwa Uingereza. Shida ilikuwa nafasi. Injini ikilala kwa upana kila kitu kimebanana, na fundi alikuwa na mikono mikubwa.

"Mhandisi wa hii kitu alikuwa na vidole vya mtoto!" alisema.

Mama alikunja mikono ya blauzi, akaingiza mkono wake mwembamba nyuma ya injini, akafungua nati ambayo fundi aliipigania tangu asubuhi. Fundi alimpa spana nyingine, na tangu hapo Jumamosi akimwona mama anaingia alimsogezea ovaroli. Mzee tulimleta pale mara kadhaa kwa teksi ya walemavu. Alikaa karibu na mlango, akashuhudia injini ikishushwa na kupandishwa tena, na ilipokaa mahali pake alipiga makofi. "Harusi," alisema.

Leseni ilikuwa vita nyingine. Mama alikuwa amekaribia miaka sabini. Maswali ya nadharia aliyasoma kwenye simu yangu, miwani puani, akibishana na simu kwa sauti. Huo mtihani aliupita mara ya kwanza. Wa barabarani alianguka, kwa sababu ya sheria ya hapa inayosema anayetoka mkono wa kulia apishwe, hata akitoka kichochoroni. Mama alikuwa kwenye barabara kubwa, gari likachomoza kulia, yeye akapita zake.

Alirudi nyumbani amenuna. "Kwetu anapita ule mwenye muzigo muzito. Ule muntu alikuwa pekee yake, hana hata mukate kwenye gari!"

"Mama, mtahini hakujua wewe ulibeba nini."

"Ndio vile. Hawajui. Alors, nitarudia."

Kwa wiki kadhaa alitembea mitaa ya Ixelles kwa miguu akifanya mazoezi. Kila njia panda alisimama, akageuza kichwa kulia, akasema "Pita" kwa sauti, hata kama aliyepita ni mwanamke na kigari cha mtoto. Wauza mboga wa Matonge, kitongoji cha Wakongomani pale Ixelles, walidhani anawasalimia. Mara ya pili alipita, na mtahini, kijana mwenye umri wa wajukuu wa wale aliowazalisha, alimwuliza alijifunzia wapi kuondoka mlimani laini namna ile bila gari kurudi nyuma hata kidogo.

"Kadutu," mama alimwambia.

Kijana alidhani ni jina la shule ya udereva.

Ukaguzi wa gari nao ulifika. Mkaguzi alilipitia na taa yake chini, akalipandisha kwenye mashine ya kupimia breki, akachungulia ule uchomeleaji mpya. Mama alisimama pembeni, mkoba umebanwa kwapani, kama mzazi kwenye mlango wa darasa. Gari lilifaulu, likapata namba ya magari ya zamani, ile inayoanza na herufi O, ambayo inaliruhusu kuingia mjini ingawa moshi wake si wa siku hizi. Karani alimkumbusha kwamba gari la namba hiyo haliruhusiwi kutumika kwenda kazini.

"Kazi nilishamaliza," mama alisema, na akacheka hadi watu wa foleni wakageuka.

Safari ya kwanza mzee ndiye aliyeichagua. Alitaka Seneffe.

Tuliondoka Jumapili ya masika, mama usukanini, mzee kulia kwake, amevaa tai. Mimi nilikaa nyuma. Kigari cha mzee cha kutembelea hakikuingia kwenye buti hata kilipokunjwa, kwa hiyo nilikipakata njia nzima. Lakini magoti yangu hayakugusa kiti cha mbele, na mimi si mtu mdogo. Nilimwambia mzee kwamba mhandisi yule alitimiza ahadi.

"Mita tatu," alisema bila kugeuka. "Mita tatu na sentimita tano."

Barabara kuu mama aliikataa. Tulipita msituni, miti mirefu ikiwa ndiyo kwanza inatoa majani, kisha Waterloo, kisha Nivelles, kisha mashamba. Gari lilinguruma na kutetemeka. Unakaa chini sana ndani ya Mini, malori yanapita kama nyumba, na kila jiwe la barabara linakupasha habari zake. Mama alibadilisha gia kwa ncha za vidole, akakata kona bila kupunguza kama wanavyopunguza wengine, na kwenye mizunguko watu walitupigia honi wakipunga mikono. Mwanzoni alidhani wanamgombeza.

"Kosa gani nimefanya?" aliuliza.

"Wanakusalimia, Madame," mzee alisema. "Hapa ni kawaida. Rudisha salamu."

Mama akarudisha. Kuanzia hapo aliwapungia wote, hata waliokuwa hawajatuona.

Pale kiwanda kilipokuwa, sasa kuna maghala na malori. Mzee alituelekeza kwa mkono, pinda hapa, nyoosha, mpaka tukasimama kando ya uzio. Nilimsaidia kushuka na kushika kigari chake. Alitazama paa refu moja, akaniambia hana hakika kama ndilo, kwa sababu zamani palikuwa na milango upande ule mwingine. Niliogopa kwamba safari itamvunja moyo.

Dereva mmoja wa lori, kijana aliyekuwa anakula mkate wake kwenye ngazi, aliliona gari, akaja. Aliomba kupiga picha. Alisema babu yake alikuwa nalo moja, jekundu.

"Lilitoka hapa," mzee alimwambia. "Hapa uliposimama. Mimi nilikuwa naweka injini."

Kijana alitazama lile ghala, akamtazama mzee, akashusha simu. "Hapa walitengeneza Mini? Naja hapa kila wiki, sikujua."

Mzee alisimama wima, mikono imeachia kigari kidogo. Alimweleza kila kitu, bodi inayoshuka, injini inayongoja, wanaume na wanawake waliokuwa pale na kelele zao. Alipomaliza aligeuka akanyoosha mkono kumwelekea mama, aliyekuwa ameegemea boneti.

"Na yeye," alisema, "aliliendesha Kongo. Alipeleka wanawake kujifungua. Kuna watu wengi wanaoishi kwa sababu yake na kwa sababu ya hili gari. Kwa hiyo usipige picha ya gari peke yake."

Picha ile ninayo. Mzee yuko kulia, tai imepinda kwa upepo. Mama yuko kushoto, kiganja kimoja juu ya boneti, kidevu juu, hatabasamu, kwa sababu watu wa rika lake hawatabasamu kwenye picha za maana. Katikati yao gari linafika tu kifuani mwa mama. Nimeitazama mara nyingi, na bado sijui nani kati ya wale watatu anajivuna zaidi.

Mzee sasa yuko kwenye nyumba ya wazee, si mbali na nyumba yake ya zamani. Siku hizi anahudumiwa na wengine, nami namtembelea kama ndugu. Jumapili mama anakwenda kumchukua, wanazunguka msituni, wakati mwingine wanakula keki mahali, wakibishana kuhusu oili. Wauguzi wa pale wameniambia kwamba mzee huanza kuuliza tangu asubuhi kama dereva wake ameshafika. Mama naye kanisani hawamwiti tena jina la mtoto wake wa kwanza, kama desturi. Wanamwita Maman Mini. Wasichana wanaoolewa wanamwomba awapeleke kanisani, naye hakatai hata mmoja, ila anawatangulizia sharti moja: bibi harusi atakaa mbele, na bwana harusi atafika kwa njia anayoijua mwenyewe.

Mwezi uliopita tulikuwa tunashuka Chaussée d'Ixelles, nyuma yetu magari ya harusi yanapiga honi, bibi harusi ameshika shela isipeperuke dirishani. Kwenye taa nyekundu mwanamume mmoja mtu mzima, Mkongomani, aliyekuwa anavuka na mifuko ya sokoni, alisimama katikati ya kivuko cha pundamilia. Alilitazama gari, kisha akainama kumtazama dereva.

"Maman," alisema, "wewe ni ya wapi?"

"Bukavu. Kadutu."

"Mi pia. Mama yangu alinielezaka..." Taa ikawa kijani. Nyuma yetu honi zikazidi. Mtu yule alikuwa bado anatafuta maneno, mifuko inamning'inia mikononi.

"Mama yako anaitwa nani?" mama alimwuliza kwa sauti juu ya kelele.

Alimtajia. Mama alifumba macho kidogo, akayafumbua.

"Kichwa kikubwa," alisema. "Ulinisumbua sana. Simama kwa pembeni pale, ungoje, nikishusha bibi harusi nakuja kukuona."

Akaingiza gia ya kwanza, akaondoka.